Office 2010 kwenye Kompyuta ya Windows 11: Kinachofaa na Kisichofaa

Microsoft Office 2010 iliingia madukani mwezi Juni 2010, na hadi leo masanduku yake yamo kwenye makabati ya ofisi ndogo, stesheni za kuchapa barua na nyumba za watu walioilipia mara moja bila kudaiwa ada ya kila mwezi. Kompyuta ya zamani inapokufa na mpya ikaja na Windows 11, mwenye sanduku hutaka kujua kama mali yake bado ni mali. Kwa maoni yangu Word na Excel za toleo hili zingali zana nzuri na nyepesi, Outlook yake imepitwa na wakati, na yote hayo hayana maana mpaka kwanza ujue leseni uliyonayo ni ya aina gani.

Leseni ya sanduku lenye diski iliruhusiwa kuhamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na toleo la Home and Student la sandukuni liliweza kuwekwa kwenye kompyuta 3 za nyumba moja, mradi tu lisitumike kibiashara. Leseni iliyouzwa kama kadi yenye ufunguo bila diski ilifungwa kwenye kompyuta ya kwanza iliyowekwa, na ile iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani nayo huondoka na kompyuta hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kadi halisi, ufunguo halali wa herufi na tarakimu 25 na risiti ya duka, na bado asiwe na ruhusa ya kuutumia kwenye mashine mpya. Sharti zito namna hiyo lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa usoni mwa kadi, wala si kuachwa ndani ya mkataba ambao wanunuzi wengi hubonyeza kuukubali bila kuusoma.

Kama kompyuta ya zamani bado inawaka na una funguo kadhaa usizojua ipi ilitumika wapi, ndani ya folda ya Office14 kuna faili dogo liitwalo ospp.vbs ambalo, likiendeshwa kwenye dirisha la amri kwa neno /dstatus, huonyesha herufi 5 za mwisho za ufunguo uliomo. Linganisha hizo na kadi au masanduku yako, kisha ondoa programu kwenye mashine ya zamani kabla ya kuiweka kwenye mpya.

Usakinishaji wenyewe hauna ugumu. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina mahali pa kuingiza diski, hivyo nakili yaliyomo ndani ya diski uyaweke kwenye flashi ukitumia kompyuta nyingine. Diski ina matoleo mawili, la biti 32 na la biti 64, na ukiiacha iamue yenyewe itaweka la biti 32 hata kwenye Windows ya biti 64. Iache ifanye hivyo, hasa kama unatumia viongezo vya zamani vya uhasibu ndani ya Excel, kwa sababu vingi viliandikwa kwa ajili ya biti 32.

Baada ya hapo programu huomba kuamilishwa, yaani ufunguo wake uthibitishwe na Microsoft, na hapa ndipo udhaifu wa leseni za aina hii ulipo, kwa kuwa ufunguo ulio mkononi mwako unategemea seva ya kampuni ikubali kuujibu. Wateja wa Adobe waliliona hilo mapema: seva za kuamilisha Creative Suite 2, mkusanyo wa programu za usanifu uliotoka mwaka 2005, zilizimwa, na ikabidi mapema mwaka 2013 kampuni iwape wenye leseni halali nakala isiyohitaji kuamilishwa. Kwa hiyo mwenye Office 2010 anayetarajia kubadilisha kompyuta asiahirishe kazi hii mwaka hadi mwaka.

Suala la usalama ndilo lingenifanya nisite. Huduma ya masasisho ya Office 2010 ilikoma tarehe 13 Oktoba 2020, na diski yako ni ya kale zaidi ya hapo. Ukiisakinisha na kuishia hapo, unarudisha hata kile chombo cha zamani cha kuandika milinganyo, Equation Editor 3.0, ambacho dosari yake iligunduliwa mwaka 2017 na kutumiwa na wahalifu kupenyeza programu hasidi kupitia faili la Word, hadi Microsoft ikaamua kukiondoa kabisa Januari 2018. Weka kwanza Service Pack 2, mkusanyo wa masasisho wa mwaka 2013, kisha masasisho yaliyoifuata, ndipo uanze kufungua mafaili. Hata hivyo, viambatisho kutoka kwa watu usiowajua vifungulie kwingine. LibreOffice, programu nyingine ya kufungulia hati na majedwali, haina gharama na inaweza kukaa kwenye kompyuta hiyohiyo.

Outlook 2010 isakinishe tu kama unataka kusoma barua za zamani zilizohifadhiwa kwenye faili la pst. Haijui njia mpya za kuthibitisha mtumiaji, na tangu Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuifunga njia ya zamani kwenye huduma yake ya barua pepe za ofisi.

Katika kubadilishana mafaili na wenzako wenye matoleo mapya, barua za kawaida hazina shida. Hati iliyoandikwa kwa Aptos, fonti iliyochukua nafasi ya Calibri mwaka 2023, itafunguka kwa fonti nyingine na kurasa zitasogea, kwa hiyo omba PDF pale mpangilio unapokuwa muhimu. Katika Excel, fomula mpya kama XLOOKUP huonekana zikiwa na kiambishi cha _xlfn mbele, na matokeo yake hubaki yalivyokuwa hadi fomula ikokotolewe tena, ndipo seli inapoonyesha #NAME?. Anayekutumia jedwali la namna hiyo mwombe atumie INDEX na MATCH, ambazo Excel 2010 inazielewa bila taabu.