Mazoezi ya kumeza na kupumua: fizio moto, zamu ya jioni janga

Nimekaa na hili muda mrefu maana kila nikitaka kuandika hasira zinapanda. Mdogo wangu alidondoka kwenye mnazi kule kwetu mwaka jana akaumia shingo, akatobolewa koo apumue, kitobo kilipoziba tukamleta hapa Dar kwenye kituo cha binafsi afanyishwe mazoezi ya kumeza na kupumua.

Kwa asiyejua, neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia inatokea shingoni, pingili ya 3 mpaka ya 5. Dogo kaumia chini kidogo ya hapo, kwa hiyo anapumua mwenyewe ila misuli ya kifua na tumbo haina kazi, akikohoa ni kama mtu anapuliza vumbi kwenye kioo. Ndio maana kitandani kwake palibandikwa karatasi kwa kalamu nyekundu: akae wima, kijiko kidogo, uji mzito, chai na maji matupu MARUFUKU.

Sasa jioni moja naingia na chupa yangu ya uji nakuta mhudumu anamnywesha chai ya rangi, mgonjwa kalala chali, kikombe mdomoni, dada macho yako kwenye simu. Nikamwambia taratibu tu, dada huyu haruhusiwi, soma hapo juu. Akanijibu bila hata kugeuka, "Kaka, anayepaliwa si anakohoa? Huyu mbona hakohoi? Ndugu ndio mnadekeza wagonjwa." Jamani! HAKOHOI KWA SABABU HANA NGUVU ZA KUKOHOA, chai inateremka kwenye mapafu kimya kimya! Haikupita muda homa, nimonia, tukarudi hospitali kwenye oksijeni. Nikalalamika, naambiwa wagonjwa wa shingo ndivyo walivyo. Nyota moja, na hiyo moja kwa vile sifuri haipo.

Ila siwezi kusema uongo, yule fizio wa asubuhi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mungu ampe maisha marefu. Anaweka viganja chini ya mbavu, anamwambia vuta pumzi, haya kohoa, na yeye anasukuma kwenda juu hapo hapo, makohozi yanatoka mpaka unashangaa yalikuwa wapi. Kamfundisha mama mpaka sasa anafanya mwenyewe nyumbani. Na kile kidude cha mipira mitatu cha kuvutia pumzi, mwanzo hata mmoja haukutikisika, sasa hivi miwili inapanda, na sauti imerudi, juzi kagombana na mimi kuhusu mpira nikafurahi kama mjinga.

Basi weka tatu, zote za fizio. Mpelekeni mgonjwa asubuhi mkae naye mrudi naye, kulaza msilaze. Au msiende kabisa, sijui, ila mtaenda wapi na wataalamu wa kumeza nchi hii ni wa kutafuta kwa tochi. Sisi bado tunaenda. Na kwenye bili wameandika "huduma ya kulisha", hiyo silipi, wanitafute.