Miezi sita katika kliniki ya lishe kwa mwenye PCOS

Nilifika katika kliniki hii ya lishe jijini Dar es Salaam nikiwa na majibu ya ultrasaundi mkononi, baada ya miezi minne bila hedhi. Daktari wa wanawake alikuwa amekwisha kuniambia kwamba nina PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga upevukaji wa mayai na hedhi, nami nilitarajia kupewa orodha ndefu ya vyakula vilivyokatazwa.

Badala yake, dada mtaalamu wa lishe aliniuliza naweka vijiko vingapi vya sukari katika chai. Nilimjibu kuwa ni vitatu, kwa vikombe vinne kwa siku. Akachukua glasi tupu na kumimina vijiko 12 mbele yangu, kimoja kimoja, mpaka sukari ikafika karibu robo ya glasi. Kisha akanieleza kwamba seli zinapokaidi insulini, homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye seli, kongosho huizalisha kwa wingi zaidi, na insulini hiyo ya ziada huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume, ndiyo maana yai linashindwa kupevuka na hedhi inapotea.

Ugali hakuukataza, jambo lililonipa moyo sana. Nusu ya sahani ilikuwa mchicha au matembele, robo maharage au dagaa, na robo iliyobaki ugali wa dona usiozidi ngumi yangu. Kutembea kwa haraka kulikuwa dakika 30, siku tano kwa wiki. Kwa miezi sita nilishuka kutoka kilo 84 hadi 79, na hedhi ilirejea katika mwezi wa nne wa mpango huo.

Lawama ninazo mbili. Kipimo cha sukari ya damu niliandikiwa katika hudhurio la tatu, ilhali mwenye PCOS yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya 2 na alistahili kupimwa tangu mwanzo. Pili, mapokezini wanauza unga wa “kusafisha kizazi” kwa shilingi 85,000, na mhudumu aliusifia kwa binti aliyekuwa akilia kwa kukosa mtoto. Hilo liliniuma, kwa sababu hakuna unga unaosafisha PCOS.

Hudhurio la kwanza ni shilingi 40,000 na yanayofuata 25,000. Kwa ushauri wa yule dada ningelipa tena. Anayekwenda aombe kuonana naye, na apime sukari kabla ya kufika.