Betri ya pili ya litiamu ya 100Ah kwenye vani ya kulala: nunua, lakini anza na chaja

Mume wangu hulala na mashine ya kusukuma hewa, ile wanayopewa watu ambao pumzi hukatika usingizini. Kwa hiyo kwenye vani yetu umeme wa usiku si habari ya taa na simu tu. Betri moja ya 100Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) ilitutosha vizuri usiku wa kwanza. Tukiegesha palepale usiku wa pili, ilijizima kabla hakujapambazuka, na yeye akaamka amekabwa pumzi. Nikaongeza ya pili, ya kampuni ileile na ukubwa uleule.

Betri yenyewe naisifu. Ni ya litiamu-chuma-fosfeti, 12.8V, yaani 1,280Wh (wati-saa), na karibu zote unazitumia. Betri ya asidi ya ukubwa huo hushauriwi kuishusha chini ya nusu ukitaka idumu, tena uzito wake ni kama kilo 28. Hii nimeibeba mwenyewe hadi chini ya kitanda, haifiki kilo 13.

Hesabu yetu ni hii. Friji ya kompresa inakula kama 35Ah kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Mashine ya hewa, kipasha maji chake kikiwa kimezimwa, inavuta kama 3A. Kwa saa nane ni 24Ah. Ukiwasha kipasha maji, matumizi yanaweza kuongezeka maradufu. Taa, pampu na simu, weka 10Ah. Jumla inakaribia 70Ah kwa siku. Betri mbili zinatubeba karibu siku tatu, nami sasa nalala bila kuamka kuangalia saa.

Lakini betri ni tangi, si kisima. Ukiongeza tangi bila kuongeza maji yanayoingia, utakuwa na matangi mawili matupu. Hapa ndipo wauzaji wengi hunyamaza, na mimi nasema nunua kwanza chaja ya DC-DC, ile inayochaji betri ya nyuma kwa umeme wa gari. Ukiiunga litiamu moja kwa moja na alternata, yaani jenereta ya injini, itavuta mkondo mkubwa kwa muda mrefu, hasa ikiwa imeisha, na alternata inaweza kuungua. Halafu magari mengi ya siku hizi yana alternata inayopunguza volti ili kuokoa mafuta, kwa hiyo betri ya nyuma haijai hata ukiendesha mchana kutwa. Chaja yetu ni ya 30A. Inapandisha volti hadi kiwango ambacho litiamu inakitaka, na haivuki mkondo huo. Saa tatu barabarani zinarudisha kama 90Ah.

Waya usiufanyie ubahili. Kutoka mbele hadi nyuma, kwenda na kurudi, kwetu ni mita 12. Kwa waya wa milimita mraba 16, mkondo wa 30A unapoteza karibu 0.4V, kwa wa milimita mraba 6 ungepoteza zaidi ya 1V, nao ungepata joto. Na waya chanya uwe na fyuzi mbili, moja karibu na betri ya injini mbele, nyingine karibu na ya litiamu nyuma. Waya huu una betri pande zote mbili: ukichubuka katikati na kugusa bodi, moto unalishwa kutoka mbele na kutoka nyuma. Fundi akikuambia fyuzi moja inatosha, tafuta fundi mwingine.

Kuziunga betri mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, si kazi ngumu. Chaji kila moja peke yake mpaka ijae, ndipo uziunganishe. Iliyojaa ikikutana na iliyoisha, mkondo mkali unapita kati yake. Waya chanya wa kwenda kwenye vifaa utoke betri ya kwanza, hasi utoke ya pili, ili zifanye kazi sawa. Usiichanganye litiamu na ya asidi kwa njia hii.

Nina malalamiko mawili kuhusu betri hii. Bolti zinazokuja nayo ni fupi: ukiweka vichwa viwili vya waya juu ya kila nguzo, hazishiki nyuzi za kutosha, na bolti iliyolegea hapo huzalisha joto. Nilinunua ndefu zaidi. La pili, kijitabu kinaonyesha jedwali la volti la kukadiria chaji iliyobaki. Kwa litiamu ya aina hii volti haibadiliki sana, inaganda kwenye 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kwa hiyo jedwali hilo linapotosha. Weka shanti, kipimo cha mkondo, upande wa hasi, inayohesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Kwa mtu ambaye pumzi za mwenzake zinategemea namba hiyo, shanti si anasa.

Kuhusu baridi: chini ya 0°C betri hizi hazichajiwi. Ya kwetu ina kinga inayokata chaji yenyewe. Hakikisha na yako inayo, maana si zote.

Kama unaendesha saa kadhaa kila siku, betri moja na chaja nzuri vinakutosha, usiinunue ya pili. Kama unaegesha usiku mbili mfululizo kama sisi, inunue. Ukitaka kukaa wiki nzima bila kuwasha injini, pesa ya betri ya tatu iweke kwenye paneli za sola.