Klarineti ya Sabine Meyer na okestra ya Berlin: vaeni spika za masikioni

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo nina CD hii moja tu mkononi, iangalieni vizuri. Sabine Meyer anapiga klarineti, ala ya kupuliza, okestra ni Berliner Philharmoniker, kondakta, yaani mwongozaji wa okestra, ni Claudio Abbado. Kampuni ya rekodi ya EMI iliitoa mwaka 1999. Ndani mna kazi tatu, za Mozart, Debussy na Takemitsu, na katika zote klarineti ndiyo inayoongoza maongezi.

Kabla sijawaambia inavyosikika, lazima mjue huyu msanii mwalikwa aliwahi kupitia nini na okestra hii hii. Mwaka 1982 kondakta wa wakati ule, Herbert von Karajan, alimtaka Sabine awe mpiga klarineti wa okestra. Alikuwa bado binti wa miaka ishirini na kitu, na okestra ilikuwa ya wanaume karibu watupu. Mwanamke wa kwanza kabisa, mpiga violini Madeleine Carruzzo, alipokelewa mwaka huohuo. Sabine akawekwa kwenye majaribio, wanamuziki wakapiga kura: 73 wakamkataa, 4 wakamkubali. Walisema sauti yake haichanganyiki na ya wenzake. Karajan akakaza, wao wakakaza, na mwaka 1984 binti mwenyewe akajiondokea.

Basi nilipoweka CD hii nilikuwa na swali moja tu: inachanganyika au haichanganyiki?

Tuanze na koncheto ya Mozart, yaani kazi ya mpigaji mmoja anayeongoza mbele ya okestra. Aliiandika mwaka 1791 kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler, na Desemba ya mwaka huo Mozart akafariki. Stadler alikuwa na klarineti ndefu kuliko kawaida, ya kushuka nusu toni nne zaidi, yaani hatua nne ndogo za sauti kwenda chini. Mswada wa Mozart ukapotea, na waliochapa koncheto hii baadaye wakazipandisha noti za chini ili ipigike kwenye klarineti ya kawaida. Matokeo yake utayasikia kwenye rekodi nyingi: melodi inashuka, inashuka, halafu ghafla inaruka juu, kama mtu aliyefika chini ya ngazi akakuta vidato vya mwisho vimeng'olewa. Meyer anatumia klarineti ndefu, ile ya baseti. Kwa hiyo anashuka mpaka chini kabisa, na kule chini sauti inakuwa nzito, ya kahawia, kama ya mzee anayezungumza taratibu barazani.

Sehemu ya pili, ile ya polepole, wengi mnaijua bila kujua kwamba mnaijua. Ndugu zangu wa Kenya, ile filamu ya 1985, Out of Africa, ya shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong? Muziki wake mmojawapo ni huu. Klarineti inaanza na nyuzi laini tu chini yake, yaani violini na ala wenzake, kisha okestra nzima inaupokea wimbo uleule na kuurudia. Hapo ndipo niliporudisha nyuma mara tatu. Noti ya mwisho ya Meyer inapozimika, violini zimeshaingia, na huoni mshono. Baadaye wimbo unaporudi, anauanza kwa sauti ndogo mno. Masikio yanagundua kwamba anapiga wakati tayari ameshapiga. Mnajua zumari letu la pwani linavyokata ngoma zote likasikika mtaa wa pili. Klarineti nayo hupulizwa kwa ulimi wa tete, ni jamaa yake kabisa, lakini huyu mama anainong'onesha. Na Mozart mwenyewe alimwachia nafasi: hakuweka tarumbeta wala ngoma, ni filimbi mbili, basuni mbili, baragumu mbili na nyuzi.

Swali langu lilijibiwa hapo. Inachanganyika, tena vizuri sana.

Debussy ni kipande kifupi, alikiandika kwa ajili ya mitihani ya klarineti ya chuo cha muziki cha Paris mwaka 1910, kisha akakipangia okestra. Kizuri, chepesi. Kwangu ni kama chai kati ya milo miwili.

Takemitsu ndiye atakayewagawa. Ni Mjapani, kazi yake ni ya 1991, na aliijenga kwa mfano wa bustani za kwao: unafuata njia, unasimama, unatazama, unaendelea, mwishowe unajikuta ulipoanzia. Hakuna wimbo wa kushika na kwenda nao nyumbani. Mara ya kwanza nilichoka. Mara ya nne nikaanza kuzitambua zile sehemu za kusimama, na sasa naipenda kwa dhati. Ipeni muda.

Kasoro ipo, nayo ni ya kweli kwa wengi wetu. Tofauti ya sauti ndogo na kubwa humu ni kubwa mno. Nilijaribu kwa spika ya simu jikoni, ile minong'ono yote ikapotea. Ukiongeza sauti, okestra ikiingia inakupigia kelele. Kwenye daladala au matatu usijisumbue. Vaa spika za masikioni zinazoziba vizuri, au subiri usiku.

Kama hujawahi kusikiliza okestra hata siku moja, usianzie mwanzo wa CD ukalazimisha mpaka mwisho. Nenda moja kwa moja kwenye Mozart, sehemu ya pili. Zima feni, funga dirisha la upande wa barabara, kisha niandikie hapo chini ni wakati gani uligundua kwamba wimbo umesharudi.