Kinyama kwenye ulimi, majibu mawili tofauti (uzoefu wangu hapa Dodoma)

Jamani niliahidi nikipona ntaandika, haya. Kilianza kama punje ya mahindi upande wa kulia wa ulimi, kigumu, cha njano njano kwa mbali, hakiumi kabisa, ukikipitisha kwenye jino ndo unakisikia. Nikakaa nacho karibia mwaka, si unajua tena kisichouma hakina haraka. Dispensari ya mtaani wakanipa dawa ya fangasi, nikasukutua weee mpaka chupa ikaisha, kinyama kipo palepale.

Nikaenda kliniki moja ya binafsi (jina naliacha) wakachukua kijipande cha juu juu, kama kichwa cha kiberiti, wiki mbili naitwa naambiwa inaelekea ni kansa, jiandae. Nijiandae na nini hata hawakusema. Siku hiyo nilitembea kwa miguu toka mjini mpaka Nkuhungu, bajaji zinanipigia honi wala sisikii.

Wifi yangu ni nesi, ndo akanambia wifi usikubali kukatwa tena pale, chukua ripoti na vile vioo vya maabara walivyowekea kile kijipande nenda hospitali kubwa kwa dokta wa kinywa. Sasa huyo dokta ndo namsifia hapa. Kwanza alikishika kwa vidole, akauliza sigara, ugoro, situmii, halafu akanichorea kwenye karatasi, kwamba kuna uvimbe unatokana na seli zinazofunika mishipa ya fahamu, sehemu unayoipenda ni ulimi, na ngozi ya juu yake inaweza kunenepa ikashuka chini kama mizizi, kwahiyo ukikata juu juu unapata hiyo ngozi tu, na kwenye darubini inafanana na kansa wakati uvimbe wenyewe uko chini haujaguswa. Kumbe!

Nikapigwa ganzi, akakitoa chote na nyama kidogo ya pembeni, nyuzi nne, nusu saa haikufika. Majibu sasa, wiki tatu!! Kila nikipiga simu "bado mama", hapo nawakata nyota moja. Yakaja: granyula seli tyuma (ndo jina la ule uvimbe alionichorea), sio kansa, kingo safi yaani pembeni ya walipokata hawakuona uvimbe, na rangi ya kupimia maabara inaitwa S100 imeshika, ambayo inaendana na hiyo asili ya mishipa ya fahamu. Dokta akasema zamani uliitwa uvimbe wa Abrikossoff, Mrusi aliyeuelezea 1926, na watu walidhani unatoka kwenye misuli. Mi hapo nalia tu, historia sikuisikia vizuri.

Wiki nzima nilikula mlenda na uji wa uwele, nikawa naongea kama mlevi. Saivi pamebaki ganzi kidogo. Narudi baada ya miezi 6 kuangaliwa maana kikibaki kipande kinaweza kuota tena.

Nyota 4. Mkienda wahini kabla ya saa moja asubuhi, benchi linajaa, na ripoti ombeni ya karatasi, mimi ile ya kwanza walitaka kunisomea tu mpaka nikang'ang'ana.