Santuri za funk na soul: mimi ningeanza na hizi

Jamani tunaokusanya santuri, kuna kosa karibu wote tumelifanya, unaanza kupenda soul na funk, miziki ya Wamarekani weusi, unaenda kununua ile mikusanyiko ya hiti kali unaona umemaliza kazi. Hapana aisee, hizo kasikilizie kwenye simu. Zimebanwa nyimbo kibao upande mmoja, na santuri ikibanwa hivyo mifereji yake inakuwa myembamba, sauti inashuka na besi ndo inaumia kwanza, sasa funk bila besi si bora ulale tu. Nunua albamu iliyopangwa iwe albamu, wimbo unaopewa nafasi ya kuzungukazunguka mpaka unakuingia mwilini.

Ndo maana namba moja kwangu ni Hot Buttered Soul ya Isaac Hayes, 1969. Nyimbo nne tu santuri nzima! Stax, kampuni yake ya rekodi, hapo walikuwa hoi, nyota wao Otis Redding amekufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967, halafu walipoachana na Atlantic, kampuni iliyokuwa inawasambazia, wakakuta rekodi zao za zamani zimebaki kulekule, ikabidi watoe albamu nyingi kwa mpigo na kwenye ule msongamano Hayes akaachiwa afanye anachotaka. Akafanya kweli. Walk On By inaenda dakika 12, na wimbo wa mwisho unapita 18, karibu nusu ya kwanza haimbi anaongea tu, anakusimulia kisa cha jamaa na mkewe taratiiibu huku kinanda kimeshikilia palepale na besi inadunda chini yake. Kuna watu hapo wanachoka wanainua sindano. Mimi nazima taa.

There's a Riot Goin' On ya Sly & the Family Stone (1971) sasa hiyo nawatahadharisha mapema. Nilipoiweka mara ya kwanza nilisafisha sindano mara mbili nikijua ina vumbi, kumbe ndivyo ilivyo, Sly alikuwa anarekodi anafuta anarekodi tena juu ya utepe uleule mpaka utepe ukachoka, kwa hiyo sauti ina ukungu fulani kama vile bendi iko chumba cha pili. Na mashine ya dramu inatwanga mle, enzi hizo wengi waliiona kama kitu cha kuchezea. Wimbo wenye jina la albamu umeandikwa 0:00, haupo, usije ukampigia kelele muuzaji wako bure.

Ila kuna muuzaji ambaye mimi ningetakiwa nimpigie kelele. Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, 1976, ilitoka santuri mbili kubwa pamoja na kasanturi kadogo ka inchi 7 kenye nyimbo nne, na kijitabu cha kurasa 24. Mimi nimefika nyumbani na furaha zangu nafungua kava, kubwa zote mbili zipo, kijitabu kipo, kadogo hamna. Ebony Eyes iko kwenye kale kadogo! Ukiikuta popote hesabu vipande kabla hujatoa hela, usione aibu.

The Payback ya James Brown, 1973, santuri mbili nyimbo nane, muziki ulitengenezwa kwa ajili ya filamu wenye filamu wakaukataa, sijui walikuwa na masikio ya namna gani. Kusema ukweli upande wa nne mimi huwa siufiki. Ule wa kwanza unatosha kunilipa.

What's Going On ya Marvin Gaye kila mtu atakwambia na yuko sahihi, sina la kuongeza zaidi ya kwamba usome majina ya wapigaji kwenye kava, Motown, kampuni yake ya rekodi, walikuwa hawana tabia ya kuwaandika, na besi ya James Jamerson mle ni darasa. Al Green wa 1972 nunua yoyote. Bendi ya The Meters pia.

Betty Davis, ile ya 1973 yenye jina lake mwenyewe, watu wanaikosa sana. Sauti kama anagombana na mtu jirani, na nyuma yake wako Larry Graham kwenye besi na Greg Errico kwenye dramu, wote walitoka kwa Sly. Toleo la kwanza utalitafuta kwa tochi, chukua lililochapwa upya, linapiga vizuri tu, hizi habari za toleo la kwanza tuwaachie wanaonunua ili kuuza.

Halafu Maggot Brain ya Funkadelic, 1971. Kwenye wimbo wenye jina la albamu, kiongozi wa bendi George Clinton alimwambia mpiga gitaa wake Eddie Hazel apige kama mtu aliyeambiwa sasa hivi mama yake amefariki, kisha kwenye kuchanganya sauti akawashusha wenzake karibu wote, limebaki gitaa linalia peke yake dakika 10. Usiipige ukiwa na wageni.