Sensa ya madirisha: miezi tisa na vihisi visivyo na waya

Mwizi aliyetuibia Februari hakuingia ndani. Alisimama nje ya dirisha la chumba chetu saa tisa usiku, akasukuma kioo cha aluminiamu taratibu, akachana wavu wa mbu, kisha akapitisha mti mrefu wenye ndoana katikati ya nondo. Aliondoka na suruali ya Baba Nuru ikiwa na pochi mfukoni, simu mbili zilizokuwa zinachajiwa, na mkoba wangu ambao asubuhi tuliuokota nyuma ya banda la kuku, vitambulisho vikiwa vimo. Kompyuta mpakato aliivuta mpaka kwenye nondo ikakataa kupita. Tuliikuta imeegemea dirisha kama mtu anayechungulia.

Mlango wetu wa mbele ni wa chuma na una makomeo matatu. Wala hakuugusa.

Natanguliza hilo kwa sababu nilipoanza kuulizia vifaa vya ulinzi, kila muuzaji aliniuliza nina milango mingapi. Kwa nyumba nyingi za huku Kinyerezi, Dar es Salaam, zenye nondo kila dirisha na geti la chuma, mwizi wa usiku anafanyia kazi dirishani, na anaingiza mkono au mti tu. Nilichotaka ni kitu kitakachopiga kelele kioo kinapoanza kusogea, kabla mti haujaingia.

Kifaa chenyewe, kihisi cha dirisha, ni rahisi kuliko bei yake. Kina vipande viwili. Kipande kidogo ni sumaku tupu. Kikubwa kina betri, redio ndogo, na ndani yake kijibomba cha kioo chenye vijibati viwili vya chuma. Sumaku ikiwa karibu, vijibati vinagusana. Ikiondoka vinaachana, na redio inatuma habari. Unabandika kimoja kwenye fremu na kingine kwenye kioo kinachosogea, nafasi kati yao isizidi kama sentimita moja na nusu. Hakuna kutoboa ukuta wala kuvuta waya.

Nikaenda Kariakoo, nikanunua viwili vya kujaribia, vinavyounganishwa moja kwa moja na waifai, Sh 45,000 kila kimoja. Fundi akaja Jumamosi. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama. Nimekuja kufunga sensa."

"Marahaba. Sensa tena? Si tulihesabiwa mwaka 2022?"

"Hii ya madirisha, mama."

"Madirisha nayo yanahesabiwa? Haya, yapo matano."

Tangu siku hiyo kifaa hiki nyumbani kwetu kinaitwa sensa. Hapa nitasema kihisi ili tusichanganyikiwe.

Vile viwili vya waifai vilitutoa jasho. Kwanza vilikataa kuungana, na fundi akasema vibovu. Kumbe vinasikia masafa ya 2.4 GHz tu, na simu yangu ilikuwa imeshika ya 5 GHz ya rauta ileile. Tulipozima 5 GHz vikaungana ndani ya dakika moja. Lakini siku ya nne umeme ukakatika usiku, rauta ikazimika, nikaamka nikafungua dirisha makusudi. Kimya. Kihisi kilikuwa kizima, betri imejaa, ila hakikuwa na wa kumwambia. Na usiku wa giza ndio mwizi anaoupenda. Fundi nilikuwa nimeshamlipa Sh 50,000. Viwili hivyo sasa viko kwenye droo.

Mara ya pili nilisoma kwanza. Nikachukua vya Zigbee, aina nyingine ya mawimbi ya redio ya vifaa vya nyumbani, ambavyo havizungumzi na rauta bali na kisanduku chake maalumu, na kisanduku ndicho kinachozungumza na rauta. Kihisi cha namna hii kinakula betri kidogo sana kwa sababu muda mwingi kimelala. Nilinunua saba kwa Sh 32,000 kila kimoja: madirisha matano, mlango wa mbele na mlango wa jikoni. Kisanduku Sh 85,000, king'ora chenye betri yake ndani Sh 60,000, na UPS ndogo ya kushikilia rauta na kisanduku umeme ukikatika, Sh 70,000. Ukijumlisha na ule mguu wa kwanza inafika karibu Sh 580,000, na kati ya hizo 140,000 ni ada ya ujinga wangu. Hii mara ya pili nilifunga mwenyewe na Baba Nuru, hakuna kazi pale ya kumwita fundi.

Isipokuwa mlango wa chuma. Kwenye aluminiamu sumaku inafanya kazi vizuri kwa kuwa aluminiamu haivutwi. Chuma kinaimeza nguvu ya sumaku. Tulibandika kama kawaida, simu ikaendelea kusema mlango uko wazi ilhali umefungwa na komeo limepigwa. Baba Nuru akataka kukirudisha dukani. Nikakata kipande cha ubao mwembamba, unene kama wa kidole, nikaweka chini ya sumaku na kingine chini ya kihisi ili viwe mbali na chuma, na nafasi kati yao nikaipunguza hadi nusu sentimita. Tangu hapo hakijasema uongo. Ubao nimeupaka rangi ya mlango, lakini ukiangalia unauona, na mimi unanikera kila nikipita.

Madirisha nayo yana mtego wake ambao hakuna muuzaji aliyeniambia. Dirisha la kusukuma lina vioo viwili, na vyote viwili vinasogea. Ukiweka kihisi upande wa kulia, mwizi atasukuma wa kushoto na simu yako italala fofofo. Sisi tulifunga upande mmoja kwa skrubu moja kwenye reli ya chini, usisogee kabisa. Usafi wa kioo cha nje sasa ni kazi kidogo, lakini tumezoea.

Sasa joto. Dar es Salaam kuanzia Desemba mpaka Machi nani analala na dirisha limefungwa? Kihisi kinajua mambo mawili tu, kufunga na kufungua, na ukiacha dirisha wazi kinahesabu limefunguliwa, basi huwezi kuwasha ulinzi wa dirisha hilo. Wiki mbili za kwanza tulilala tumefunga, feni inapiga hewa ya moto, Nuru anahamia sakafuni. Halafu nikapata wazo la sumaku ya pili. Sumaku ya kwanza iko pale kioo kinapofunga. Ya pili nikaibandika kwenye kioo hichohicho, sentimita nane pembeni. Ukisogeza kioo kikaacha upenyo wa sentimita nane, sumaku ya pili inafika mbele ya kihisi, nacho kinadhani dirisha limefungwa. Akitokea mtu akakisogeza zaidi, au hata akikirudisha, king'ora kinalia.

Nilijiona mhandisi kwa siku moja. Jioni Baba Nuru akachukua fimbo ya kuangulia maembe, akaenda nje, akaipitisha kwenye ule upenyo wa sentimita nane na kuondoka na kanga yangu. Dirisha halikusogea hata kidogo. Tukapunguza hadi sentimita nne, kitanda tukakihamishia ukuta wa pili, na simu zinachajiwa koridoni. Bado mti mwembamba unaweza kupita. Kihisi hakioni mti, kinaona kioo tu, na ukitaka cha kuona mti utafute kifaa kingine cha kutambua mwendo, ambacho mimi sijanunua kwa sababu ya paka.

Gundi ndiyo iliyotuamsha mtaa mzima. Vihisi vinakuja na gundi yake ya pande mbili, na niliibandika baada ya kufuta fremu kwa kitambaa kikavu. Dirisha la watoto linapigwa na jua la mchana kutwa. Wiki ya tatu, saa nane usiku, sumaku ikaachia ikaanguka, na kwa kihisi sumaku kuondoka ni dirisha kufunguliwa. King'ora kile ni cha kweli. Jirani wa kushoto alitoka na panga na taulo, wa nyuma akaanza kupiga filimbi ya ulinzi shirikishi, na ndani ya dakika tano nilikuwa na wanaume sita getini wananiuliza yuko wapi. Ikabidi niwaonyeshe kijisumaku kiganjani. Asubuhi nikavibandua vyote saba, nikafuta fremu kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikaweka gundi mpya na kukandamiza kila kimoja kwa nusu dakika. Hakijaanguka tena hata kimoja. Wale majirani niliwapelekea maandazi, na kusema kweli nilifurahi kujua kwamba wanakuja.

Dirisha la jikoni lilikuwa linapotea hewani. Kisanduku kilikuwa sebuleni na kati yake na jiko kuna kuta mbili za tofali za inchi 6, na friji. Muuzaji akanishauri ninunue soketi ya Zigbee ichomekwe katikati, kwa sababu vifaa vinavyotumia umeme wa ukutani hupokezana mawimbi, ila vya betri havipokezani. Ni kweli, ilifanya kazi vizuri sana, mpaka umeme ulipokatika. Soketi ikafa na jiko likapotea nayo, yaani nimerudi palepale pa rauta. Nikairudisha, nikahamishia kisanduku koridoni katikati ya nyumba kwa kuongeza waya wa intaneti wa mita kumi. Sh 12,000, na tatizo likaisha.

Bando likiisha je? Nililijaribu hili kwa kuchomoa waya wa intaneti. Simu haikupata ujumbe, lakini king'ora kililia, kwa sababu amri ya "dirisha likifunguka, lia" imekaa ndani ya kisanduku. Si kila kisanduku kiko hivyo. Vingine vinapeleka kila kitu nje kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali huko mtandaoni, kisha vinasubiri jibu. Muulize muuzaji, na asipojua mwambie achomoe waya mbele yako.

Betri ni zile bapa kama sarafu, CR2032. Zilizokuja na vihisi bado nzima tangu Machi, isipokuwa ya mlango wa jikoni unaofunguliwa mara hamsini kwa siku. Hiyo niliibadilisha Septemba kwa betri ya bei rahisi ya barabarani, ikadumu wiki tatu. Nunua ya kwenye pakiti iliyofungwa.

Mlango huohuo wa jikoni ulitugombanisha na dada wa kazi. Yeye huamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa nje, na mara tatu alilipua king'ora akiwa na ungo kichwani. Alisema atarudi kwao Singida. Sasa ulinzi wa mlango huo unajizima wenyewe saa kumi na dakika hamsini, na wa madirisha unaendelea hadi kumi na mbili.

Je, kimemkamata mtu? Juni, usiku wa manane, king'ora kililia kwa dirisha la sebule. Tulipowasha taa ya nje hapakuwa na mtu. Kioo kilikuwa kimesogea kama upana wa vidole vitatu, na chini yake, kwenye udongo wa bustani, nyayo za ndala. Wavu haukuchanwa. Mimi hiyo imenitosha kuona pesa yangu imerudi. Baba Nuru anasema huenda sisi wenyewe tuliacha wazi, lakini programu ya kwenye simu inaandika muda wa kila tukio, na dirisha lile lilikuwa limefungwa tangu saa mbili usiku.

Kilichobaki ni dirisha la choo, ambalo mama mkwe hakulihesabu siku ile. Lina vioo vya luva, na kioo kimoja kimoja kinaweza kuchomolewa bila mkono wa luva kusogea, kwa hiyo kihisi hakina pa kukaa. Kwa sasa nimepanga ndoo tatu tupu za bati kizingitini kwa ndani.